Seva ya Dola 4

Mwaka 2013 kampuni ya DigitalOcean ya New York ilikuwa ikikodisha seva ya Linux kwa dola 5 kwa mwezi: RAM ya MB 512, diski ya SSD ya GB 20, na mteja anaachiwa mamlaka yote ya mashine. Mwaka 2022 ikaja ya dola 4, kama shilingi 10,000 za Tanzania. Bei hiyo ndiyo inayowavuta wanafunzi wa kompyuta, wenye maduka ya mtandaoni na watu wa tovuti ndogo ndogo watake kuonja. Nchini Kenya, tangu Safaricom na Visa walipotoa kadi pepe ya M-Pesa mwaka huohuo wa 2022, hata asiye na kadi ya benki anaweza kulipa. Na kwa kuwa kampuni nyingi huhesabu kwa saa, wiki nzima ya majaribio haifiki shilingi 3,000 za Tanzania.

Kinachokodishwa si kompyuta nzima. Ndani ya kituo cha data kuna mashine kubwa yenye prosesa nyingi na RAM ya mamia ya gigabaiti. Programu maalumu huigawa vipande, na kila kipande hujiona ni kompyuta kamili yenye diski yake na anwani yake ya intaneti. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa na KVM, iliyoingizwa ndani ya Linux yenyewe mwaka 2007, ingawa IBM ilikuwa ikizigawa kompyuta zake kubwa kwa namna hii tangu miaka ya 1960.

Basi hali ni ileile ya nyumba ya kupanga yenye mita moja ya umeme ya LUKU: kila mtu ana chumba na ufunguo wake, lakini mmoja akikesha na jiko la umeme, wote wanaumia. RAM kwa kawaida ni ya mteja mwenyewe. Prosesa ndiyo inayogombaniwa.

Ugomvi huo unaonekana. Anayejaribu seva aandike amri ya top, kisha aangalie mwisho wa mstari wa prosesa, kwenye herufi st. Namba iliyo hapo ni asilimia ya muda ambao seva yake ilitaka prosesa ikakuta mashine mama inawahudumia wengine. Ikisoma 0.0 au karibu na hapo, majirani ni watulivu. Ikikaa kwenye 10 au 20 saa baada ya saa, ni heri kuhama mapema, maana hakuna marekebisho yatakayosaidia. Mchana mmoja wa kupima hautoshi. Kuna majirani wanaoamka usiku.

RAM nayo ina mtego wake. Seva ya GB 1 inatosha kwa tovuti ya WordPress yenye wasomaji wachache, lakini hifadhidata ikitanuka, Linux huiua programu inayokula kumbukumbu nyingi ili mfumo mzima usikwame. Mwenye tovuti ataona tu kwamba hifadhidata ya MySQL imezimika. Kutenga GB 1 ya diski iwe kumbukumbu ya akiba hupunguza ajali hiyo, kwa gharama ya kasi.

Kinachowashtua wageni zaidi ni wabisha hodi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu ya ZMap, yenye uwezo wa kupitia anwani zote za intaneti za mtindo wa IPv4, kama bilioni nne, kwa chini ya saa moja kwa kompyuta moja. Kwa hiyo seva mpya haina maficho. Kwenye Ubuntu, ukilifungua faili la /var/log/auth.log siku ya kwanza tu, unaweza kukuta mistari imejipanga: "Failed password for root", kisha mtu anajaribu jina la admin, kisha test, kisha oracle. Hakuna anayemwinda mteja huyo binafsi. Ni roboti, zinapita nyumba kwa nyumba.

Dawa inajulikana. Seva hizi huendeshwa kwa mbali kupitia SSH, iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland baada ya nywila kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake. SSH inakubali ufunguo wa kidijitali badala ya nywila. Ukishaweka ufunguo, zima kabisa kuingia kwa nywila, na roboti zitabisha mpaka zichoke. Kisha iwashwe ufw, programu inayofunga milango isiyotumika. Ila SSH iruhusiwe kwanza, la sivyo mwenye seva anajifungia nje. Na dirisha la kwanza la SSH lisifungwe mpaka dirisha la pili lithibitishe kwamba mlango bado unafunguka.

Umbali nao una bei. Mwanga ndani ya kebo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Frankfurt huzidi milisekunde 100, na ukurasa mmoja huhitaji safari kadhaa. Muda huo upimwe kwa amri ya ping, tena kwa laini za simu ambazo wateja wanazitumia. Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tovuti zilizokuwa nzima kabisa huko Ulaya zilifunguka kwa shida Afrika Mashariki.

Halafu kuna bekapu. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Waliotengeneza mchezo wa Rust walipoteza data ya seva zao 25 za Ulaya, isirudi tena. Wapo wateja waliokuwa na nakala, ila nakala zenyewe zilikaa eneo lilelile. Ndiyo maana jaribio lisilogusa kurejesha nakala kutoka mahali pengine ni nusu jaribio.

Majaribio yakiisha, wengi huizima seva wakidhani bili imesimama. Kwa kampuni za DigitalOcean na Linode, seva iliyozimwa bado inahesabiwa, kwa sababu diski na anwani bado zimeshikiliwa. Bili husimama ikifutwa. Kabla ya kuifuta, mwenye jina la tovuti aondoe kwanza rekodi inayoelekeza kwenye anwani ile. Anwani inaweza kupewa mteja mwingine, na jina la mteja wa kwanza litaanza kufungua vitu vya mtu asiyemjua.