Tezi na Omo: Hatua za Kwanza za Kupiga Makasia

Mwanafunzi wa Kitale au Bungoma aghalabu huihifadhi methali "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani" kabla ya kukanyaga chombo chochote. Hueleza bila kusita kwamba tezi ni nyuma ya chombo na omo ni mbele, ila maneno hayo hubaki ya mtihani. Mafunzo ya kupiga makasia huyatia uhai, na hatua zake za mwanzo hazihitaji maji.

Kwanza, kafi si kasia. Kafi hushikwa mikononi pasipo kuegemezwa chomboni, na mpiga kafi hutazama omo. Kasia ni refu zaidi, nalo hushikiliwa ubavuni mwa chombo na kishwara, yaani kitanzi cha kamba, au kilete cha chuma. Mpiga makasia hutazama tezi, akakipa kisogo kile anachokiendea. Kwa hivyo, anayeanza hufunzwa kuchagua alama iliyo nyuma ya chombo, kama vile mti, ili asipinde njia, na kugeuka kila baada ya mipigo michache.

Pili, mpigo una hatua nne. Katika mashua ya mashindano, yenye kiti kinachoteleza, hatua hizo ni hizi:

1. Kuchovya: magoti yamekunjwa, mikono imenyooka, bapa la kasia huingia majini likiwa wima.
2. Kuvuta: miguu husukuma, kiwiliwili hufuata, mikono humalizia.
3. Kuchomoa: bapa hutolewa majini na kulazwa.
4. Kurejea: mikono hutangulia, kisha kiwiliwili, kisha magoti, polepole kuliko wakati wa kuvuta.

Kosa la kawaida ni kuanza na mikono, ilhali misuli yenye nguvu zaidi ni ya miguu. Jingine ni kulizamisha kasia mno. Yatosha bapa kufunikwa na maji. Mpangilio huu waweza kuzoezwa darasani, mwanafunzi akiwa amekaa sakafuni na ufito mikononi.

Hata hivyo, mpigo hufuata mwili wa anayefunzwa. Asiya Mohammed wa Mombasa, aliyepoteza miguu yake utotoni, aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya Tokyo mwaka 2021, katika daraja ambalo nguvu hutoka mikononi na mabegani.

Maji nayo yana masharti yake. Jina Trans Nzoia lina maana ya ng'ambo ya Nzoia, lakini mto huo, wenye maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, si mahali pa kuanzia. Anayeanza huhitaji maji yaliyotulia, jaketi la kujiokolea na msimamizi.

Huko ndiko ngama, sehemu ya chini yanakokusanyika maji, itakapoeleweka. Baada ya kuvuta kwa muda, mwanafunzi ataona maji miguuni na kulazimika kuyafua. Hapo methali haitahitaji tena mfafanuzi.