Mkulima mchanga apewe kwanza maneno anayoyaelewa

Mvua za masika zilipoanza, nilikwenda Wamagana, katika eneo la Tetu, Kaunti ya Nyeri, kumjulia hali kijana aliyekuwa mwanafunzi wangu. Baada ya kuhitimu shahada yake alikaa mjini muda mrefu bila ajira, kisha akarejea nyumbani, ambako wazazi wake walimkatia nusu ekari ili ajaribu kujitegemea. Nilimkuta shambani akibishana na mama yake. Kijana alitaka samadi iliyotolewa zizini asubuhi ile itiwe kwenye mashimo ya sukuma wiki siku hiyo hiyo, kwa kuwa mvua ilikuwa imekwisha kunyesha. Mama alikataa. Alisema samadi hiyo bado "ina moto", na kwamba ingeunguza miche.

Mkononi kijana alikuwa na kijitabu kuhusu utunzaji wa udongo, kilichoandikwa kwa Kiingereza safi. Mama akamwuliza kijitabu hicho kinasemaje. Kijana akaanza sentensi kwa Kikuyu, akaikata. Akajaribu Kiswahili, akakwama. Hatimaye akamsomea mama yake maneno yale yale ya Kiingereza. Nilikiomba kijitabu nikakisoma. Kilisema samadi mbichi hutoa joto inapooza na huweza kuunguza mizizi, kwamba huwa na mbegu za magugu, na kwamba yafaa irundikwe, ifunikwe na kugeuzwa mpaka iive. Kwa maneno mengine, kijitabu kilikuwa upande wa mama, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua.

"Mwalimu," kijana akaniambia kwa haya, "ukurasa huu nimeusoma mara tatu. Naufahamu, lakini siwezi kuusema."

Maneno hayo hayajanitoka akilini. Tunapozungumzia matatizo ya vijana wanaoanza kilimo katika vipande vidogo vya ardhi, sisi hutaja ukosefu wa mtaji, bei duni za mazao na uhaba wa ardhi. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo, kuna upungufu mwingine usiotajwa sana, nao umo mikononi mwetu sisi walimu na wanafunzi. Maarifa ya kilimo yanayohifadhi ardhi yapo, tena mengi, lakini yamefungiwa katika lugha ambayo mkulima haitumii akiwa ameshika jembe.

Isidhaniwe kwamba mkulima wa Nyeri hana pa kujifunzia. Karibu na mji wa Nyeri kipo kituo cha mafunzo ya kilimo cha Wambugu. Kila mwaka maonyesho ya kilimo hufanyika katika uwanja wa Kabiru-ini. Taasisi ya kilimo hai ya KIOF imekuwa ikiwafunza wakulima wadogo tangu mwaka 1986. Jarida la The Organic Farmer lilianza kuchapishwa nchini mwaka 2005, na tangu 2012 kipindi cha televisheni cha Shamba Shape Up kimekuwa kikiingia katika mashamba ya watu na kuonyesha namna ya kuyatengeneza. Aidha, vituo vya redio vya Kikuyu hujadili kilimo mara kwa mara. Kinachokosekana ni daraja la kuviunganisha vyote hivi: maandishi mafupi ambayo kijana aweza kumsomea mama yake, na mama akayajibu.

Zamani daraja hilo lilikuwa bwana shamba. Yeye alisoma kwa Kiingereza, akaja kijijini akayasema kwa Kikuyu. Lakini sera za kubana matumizi ya serikali katika miaka ya 1990 ziliwapunguza maafisa hao, na tangu 2013, kilimo kilipokabidhiwa serikali za kaunti, afisa mmoja bado huhudumia wakulima wengi kupita kiasi. Tafsiri iliyokuwa ikifanywa kwa kinywa chake haikuandikwa popote. Alipostaafu, aliondoka nayo.

Historia ya eneo hili inatufunza jinsi maarifa yasiyoelezwa yanavyogeuka kuwa mzigo. Katika eneo jirani la Murang'a, serikali ya kikoloni iliwashurutisha wanawake kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Katika miaka ya 1947 na 1948 wanawake hao waligoma. Matuta yenyewe hayakuwa na kosa, kwani udongo kwenye miteremko yetu huhitaji kuzuiwa. Kosa lilikuwa amri isiyo na maelezo, kazi isiyo na ridhaa. Kwa upande mwingine, wakulima wa Ukambani waliyakubali na kuyaeneza matuta ambayo mchanga wake hutupwa upande wa juu wa mtaro, wakayaita "fanya juu". Leo wataalamu wa udongo ulimwenguni huandika "fanya juu" katika vitabu vyao vya Kiingereza bila kulitafsiri. Jina hilo ni maagizo kamili: anayelisikia anajua pa kutupia mchanga.

Mfano ulio karibu zaidi na Wamagana ni wa Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, papo hapo Tetu, mwaka 1940. Alipoanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977, wataalamu wa misitu walitilia shaka uwezo wa wanawake wa vijijini kuotesha miche. Maelezo yao yalikuwa magumu bila sababu. Wanawake wakarudi kwenye ujuzi walioufahamu, ule wa kuotesha mbegu za chakula, wakafaulu. Ndipo yeye akawa akiwaita wanamisitu wasio na diploma. Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 2004 iliutukuza pia ujuzi huo wa akina mama.

Mimi ni mwanaisimu, na hivyo niruhusiwe kuonyesha kwa mifano jinsi neno moja linavyoweza kuwa somo zima. Katika maduka ya pembejeo, kijana huambiwa kuna mbolea ya DAP na mbolea ya CAN. Herufi hizo hazimwambii lolote. Lakini Kiswahili kina "mbolea ya kupandia" na "mbolea ya kukuzia": ya kwanza huwekwa shimoni wakati wa kupanda, ya pili huongezwa mmea ukisha kushika. Ukimpa mtu majina hayo, umempa na wakati wa kuitumia. Baada ya hapo, ndipo utamweleza kwamba DAP ikitumiwa mwaka nenda mwaka rudi huzidisha asidi katika udongo wetu mwekundu, ambao tayari una asidi, na kwamba ni busara kuupima kabla ya kununua mfuko mwingine. Pengine udongo unahitaji chokaa na mboji.

Chukua tena majina ya misimu. Kikuyu huuita msimu wa masika kwa jina la njahi, ile jamii ya kunde yenye mbegu nyeusi, na msimu wa vuli kwa jina la mwere, ambao ni ndugu wa dhahiri wa neno la Kiswahili uwele. Mwere sasa ni nadra mashambani, lakini jina limebaki kama ukumbusho. Mwalimu hodari ataanzia hapo kufundisha ubadilishaji wa mazao: jamii ya kunde hurudisha naitrojeni ardhini, nafaka huitumia. Mwanafunzi ataona kwamba somo analodhani limetoka ng'ambo lilikuwa tayari katika kalenda ya nyanya yake.

Pale ambapo maneno hayatoshi, alama husaidia. Utepe wa rangi ulio chini ya lebo ya dawa ya wadudu huonyesha ukali wa sumu: nyekundu ndiyo kali kupita zote, ikifuatwa na njano, samawati na kijani. Ni wanafunzi wangapi wa sekondari, ambao wazazi wao hunyunyizia mboga kila wiki, wanaoweza kuzieleza rangi hizo nyumbani?

Najua pingamizi litakalotolewa. Wengine watauliza: Kiswahili kinaingiaje Wamagana, ambako watu huongea Kikuyu? Jibu langu ni kwamba kila lugha ina kazi yake. Kikuyu ndicho kinachoujua udongo huu, na mazungumzo yaanzie humo. Kiswahili ndicho kitakachoyachukua maarifa ya Tetu hadi Meru, Machakos na Kitale, na kutuletea ya huko. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania iliendesha kampeni za elimu kwa redio, "Mtu ni Afya" mwaka 1973 na "Chakula ni Uhai" mwaka 1975, ambapo wanavijiji walikusanyika, wakasikiliza, wakasoma vijitabu vya Kiswahili chepesi, kisha wakajadiliana. Tangu 2011 jarida la Mkulima Mbunifu limekuwa likitoa huko elimu ya kilimo hai kwa Kiswahili. Vipi sisi, ambao katiba yetu ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, tusiweze hata ukurasa mmoja?

Pendekezo langu ni dogo, wala halihitaji fedha za wafadhili. Walimu wa Kiswahili na walimu wa kilimo wakae meza moja. Badala ya insha ya kila mwaka kuhusu siku nisiyoisahau, wanafunzi watumwe kwa wazee wao kuuliza jinsi samadi inavyoivishwa, mbegu inavyohifadhiwa na maji yanavyozuiwa kwenye mteremko. Walinganishe majibu na vitabu, kisha waandike ukurasa mmoja, wenye orodha ya istilahi katika lugha tatu. Vyama vya 4K, vilivyofufuliwa mwaka 2021, vina bustani za kujaribia yaliyoandikwa. Walimu wanafunzi wa Kagumo waweza kusahihisha lugha, na afisa wa kilimo akahakiki ukweli. Karatasi hizo zibandikwe kiwandani mwa kahawa, kwenye kituo cha maziwa na kanisani. Yatakayoonekana na wakulima kuwa na makosa yarudishwe darasani yarekebishwe.

Jioni ile Wamagana tuliketi watatu kibarazani, tukautafsiri ule ukurasa. Kazi yote haikufika saa moja. Palikuwa na maneno matatu yaliyotutatiza, na mawili kati ya hayo mama ndiye aliyeyapatia jina. Alipomaliza kusomewa alimtazama mwanawe, akasema tu kwamba kitabu hicho kimesoma. Kesho yake samadi ilirundikwa kando ya zizi, ikafunikwa kwa majani ya migomba, na kijana akaandika tarehe ya kuigeuza.