Safari ya Dawa Kutoka Maabara Hadi Kambini



Mwezi wa Februari mwaka 1941, katika mji wa Oxford nchini Uingereza, konstebo wa polisi aitwaye Albert Alexander alikuwa amelazwa hospitalini, usaha umemwenea usoni, jicho moja limekwisha kuondolewa, na madaktari hawana tena la kumfanyia. Wanasayansi wa chuo kikuu cha mji huo, wakiongozwa na Howard Florey, walikuwa wamepata kiasi kidogo cha penisilini, wakaamua kumdunga. Baada ya siku chache homa ikashuka, mgonjwa akaanza kula. Kisha dawa ikaisha. Walifikia hata kukusanya mkojo wake ili waichuje penisilini iliyotoka mwilini na kumdunga tena, lakini haikutosha. Konstebo huyo alifariki dunia tarehe 15 Machi mwaka huo huo.

Yafaa kutafakari ni nini kilichomwua. Hakikuwa ukosefu wa ujuzi, maana Alexander Fleming aliugundua uwezo wa ukungu ule mwaka 1928, miaka 13 kabla. Kilichokosekana ni matangi, mitambo, mafundi wa kiwandani, na mnunuzi aliye tayari kuagiza bidhaa kabla haijawa bidhaa. Wanasayansi wale wa Oxford walikuwa wakiotesha ukungu wao hata ndani ya vyombo vya haja vya wagonjwa. Katika mwaka ule ule ujuzi huo ulivushwa hadi Marekani, kwenye maabara ya kilimo ya mji wa Peoria, ambako ilipatikana njia ya kuotesha ukungu kwa wingi kwa kutumia maji yaliyobaki katika usindikaji wa mahindi. Makampuni yakaingizwa kazini, serikali ikawa nyuma yao, na jeshi likawa mnunuzi. Majeshi ya muungano yaliposhuka katika pwani ya Normandy mwezi Juni 1944, yalikuwa na dozi zaidi ya milioni 2.

Pengo hilo lililo kati ya meza ya mwanasayansi na sanduku la dawa la kikosi ndilo linalozungumzwa leo na mataifa mengi kwa majina mawili: viatamizi vya biashara na maeneo ya utafiti.

Neno la kwanza limetoka kwa kuku. Mwaka 1959, katika mji mdogo wa Batavia, jimbo la New York, kiwanda kikubwa cha mashine za kilimo kilikuwa kimefungwa na kuwaacha watu wengi bila ajira. Familia ya Mancuso ililinunua jengo lake, na Joseph Mancuso akaligawa na kulikodisha kwa biashara ndogo ndogo, akiwapa wapangaji huduma za ofisi kwa pamoja, ushauri, na msaada wa kutafuta mtaji. Mmoja wa wapangaji hao alikuwa mwangua vifaranga, na kwa mzaha Mancuso akaanza kusema kwamba jengo zima ni mashine ya kuangua makampuni. Mzaha huo ndio uliozaa istilahi inayotumika duniani kote. Eneo la utafiti ni jambo kubwa zaidi: ni ardhi iliyo karibu na chuo kikuu, iliyotengwa ili makampuni yajenge humo maabara na viwanda, na mwalimu aweze kwenda kwa miguu kutoka darasani hadi kiwandani. Chuo Kikuu cha Stanford, California, kilianzisha la namna hiyo mwaka 1951.

Sasa, mtu atauliza kwa nini kampuni za bioteknolojia, yaani zile zinazotumia viumbehai na chembe zake kutengeneza dawa, chanjo, vipimo au mbegu, zihitaji malezi kuliko biashara nyingine. Kijana anayetunga programu ya simu anahitaji kompyuta na umeme. Kijana anayetaka kutengeneza kipimo cha malaria anahitaji friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kabati la usalama linalozuia vijidudu visimrukie usoni, mtambo wa mvuke wa kuua vijidudu katika taka, na kemikali zinazoagizwa ng'ambo zikiwa ndani ya barafu. Umeme ukikatika usiku mmoja bila jenereta, kazi ya mwaka mzima huoza. Hakuna vijana wawili waliotoka chuoni jana wawezao kununua hayo yote. Kumi wakitumia maabara moja, yawezekana.

Askari aliyepata kupangwa Kanombe anaifahamu Busanza, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, katika wilaya ya Kicukiro. Atazame kutoka hapo. Jirani kabisa ni Rubirizi, iliko maabara ya taifa ya magonjwa ya mifugo. Hapo Kanombe ipo hospitali ya rufaa na ya kufundishia ya jeshi, na uwanja wa ndege ambako mwezi Machi 2021 zilishuka shehena za kwanza za chanjo za UVIKO chini ya mpango wa COVAX. Masaka ipo taasisi ya IRCAD Africa, iliyofunguliwa mwaka 2023 kufundisha upasuaji wa kisasa. Ng'ambo ya uwanja wa ndege, huko Masoro, ipo kanda maalumu ya kiuchumi, na karibu yake tawi la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Yote hayo yamo ndani ya mwendo ambao kuruta huumaliza asubuhi moja.

Hata hivyo, vipande vya bunduki vilivyotandazwa juu ya turubai bado si bunduki.

Huko Masoro kampuni ya Kijerumani ya BioNTech iliweka jiwe la msingi mwezi Juni 2022. Makontena sita ya kwanza ya kiwanda chake yaliwasili mwezi Machi 2023, na mwezi Desemba mwaka huo jengo likazinduliwa. Mpango uliotangazwa ulikuwa ni kufikia uwezo wa kutengeneza hadi dozi milioni 50 kwa mwaka za chanjo za aina ya mRNA. Ni jambo la fahari, na mafundi wanaofunzwa humo ni hazina. Lakini lisichanganywe na kiatamizi. Mtambo ulibuniwa na kuundwa Ulaya, ukaja ukiwa umekamilika. Ni kuku mzima aliyeletwa, si yai lililoanguliwa bandani. La kujifunza zaidi ni jinsi kampuni hiyo yenyewe ilivyokua. Ilianzishwa mwaka 2008 katika mji wa Mainz, ikitokana na utafiti wa chuo kikuu cha hapo, na madaktari wawili mume na mke, Uğur Şahin na Özlem Türeci. Chanjo yake ya kwanza iliruhusiwa kutumika mwezi Desemba 2020. Kwa miaka 12 iliishi kwa fedha za watu wenye subira, bila kuwa na dawa hata moja sokoni. Ni benki gani ya Kigali, Kampala au Dar es Salaam ingengoja hivyo?

Wala haisemwi kwamba ubongo unakosekana. Mwaka 2020, vipimo vya UVIKO vilipokuwa adimu, Wilfred Ndifon na Leon Mutesa pamoja na wenzao walibuni nchini Rwanda hesabu ya kuchanganya sampuli za watu wengi na kuwatambua wagonjwa kwa vipimo vichache. Kazi yao ilitangazwa katika jarida la Nature. Na huko Nairobi, katika taasisi ya icipe iliyoasisiwa na Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970, mpango wa BioInnovate Africa umekuwa ukiwaunganisha wanasayansi na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki, Rwanda ikiwamo. Hiyo ndiyo kazi ya kuatamia hasa, japo fedha zake nyingi zimetoka Sweden.

Gharama ya kutokuwa na mnyororo kamili ilionekana mwaka 2024. Tarehe 27 Septemba Rwanda ilitangaza mlipuko wa homa ya Marburg. Watu 66 waliugua na 15 wakafariki, na wengi wa walioambukizwa walikuwa watumishi wa afya. Chanjo ya majaribio, dozi 700, ililetwa na Taasisi ya Sabin ya Marekani tarehe 5 Oktoba, na siku ya pili yake wahudumu wakaanza kuchanjwa. Ilikuwa kasi ya kupongezwa. Lakini dozi hizo zilikuwepo kwa sababu watu wa mbali walikuwa wamezihifadhi. Mwaka 2021, India iliposimamisha usafirishaji wa chanjo za UVIKO ili kuwatazama watu wake kwanza, nchi nyingi za Afrika zilikaa zikingoja dozi ya pili.

Polisi nao wanalijua jambo hili kwa upande wao. Kabla ya maabara ya uchunguzi wa jinai ya Kigali kuanza kazi mwaka 2018, sampuli za vinasaba zilipelekwa Ujerumani, na mpelelezi akawa anangoja majibu ya barua huku mshukiwa yuko rumande.

Mkaguzi anayeaminika sasa yupo: mwezi Desemba 2024 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda kuwa imefikia ngazi ya 3 ya ukomavu. Kilichobaki kuwa kigumu ni mnunuzi wa kwanza. Katika nchi nyingi masharti ya zabuni hudai kampuni ioneshe miaka ya uzoefu na mauzo ya nyuma, na kampuni changa haina mauzo ya nyuma. Ndiyo maana ni changa. Hospitali za jeshi, zahanati za kambi, maabara za polisi, hizi hununua vipimo na kemikali kila mwaka, na hujua mapema kiasi zitakachohitaji. Makampuni ya Marekani yaliyopanua matangi ya penisilini hayakuwa na uzoefu wa penisilini pia. Yalikuwa na mnunuzi mwenye sare, aliyeahidi kununua.