Kompyuta chakavu ya kafe imegeuka mashine ya gemu

Leo naomba tuzungumzie ufundi kidogo, maana nimeona vijana wengi tunatumia kompyuta kila siku lakini tunaiogopa kama nyoka.

Miezi michache iliyopita nilipita kwenye kafe moja ya intaneti hapa Dar, ambako nimekuwa mteja tangu nikiwa sekondari. Nikakuta kompyuta sita za mezani zimerundikwa nje, jamaa wa vyuma chakavu anazipima kwa kilo. Mwenye kafe akaniambia, "Mdogo wangu, siku hizi kila mtu ana simu, hizi zinanijazia nafasi tu." Nikamwomba aniachie moja. Akacheka, akasema chukua na kibodi zake, na maus hizo pia.

Sasa nyumbani kuna mpwa wangu, yuko darasa la sita. Huyu dogo akipewa hela ya nauli, nusu inaishia kwenye banda la gemu halafu anatembea kwa miguu hadi shule. Dada yangu alishachoka kumchapa. Nikamwita nikamwambia, hebu tutengeneze mashine yetu hapa. Akanijibu, "Anko, mimi sijui kompyuta, nitaiharibu." Jibu lile liliniuma. Miaka 12, na tayari ameshafundishwa kwamba kompyuta ni kitu cha kutoguswa!

Basi bwana, kazi ikaanza.

Kwanza tuelewane tunatengeneza nini. Zamani kabla gemu hazijaenea majumbani, Japani na Marekani walikuwa na makabati makubwa yenye skrini, mpini mmoja na vitufe vichache. Unatumbukiza sarafu, unacheza umesimama. Space Invaders ilitoka Japani mwaka 1978, Pac-Man ikafuata 1980. Kila kabati lilikuwa na saketi zake maalumu ndani, kwa hiyo gemu ile haikuweza kuchezwa kwenye kompyuta ya kawaida.

Hapo ndipo inapoingia programu inayoitwa MAME. Ilianzishwa mwaka 1997 na Mwitaliano anayeitwa Nicola Salmoria. Kazi yake ni kuifanya kompyuta yako ijifanye zile saketi za zamani, kuanzia kichwa cha kufikiri hadi chipu ya sauti. Ubongo wa Pac-Man ulikuwa na kasi ya takriban megahazi 3 tu. Kompyuta tuliyoiokota ilikuwa Pentium 4, ambayo kasi yake ni mamia ya mara ya hiyo. Kwa hiyo usiidharau mashine kwa sababu Facebook inaigomea. Ila chukua toleo la zamani la MAME, maana matoleo mapya yanaiga kwa usahihi zaidi na yanakula nguvu zaidi. Na faili za gemu lazima ziendane na toleo ulilochagua, la sivyo hazifunguki. Halafu kama ndani kuna Windows XP, usiiunganishe na intaneti. Iliacha kupewa marekebisho ya usalama mwaka 2014. Mashine ya gemu haihitaji intaneti.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe, kibodi.

Chomoa kibodi, fungua skrubu za nyuma. Utakuta plastiki mbili laini zenye mistari ya kupitisha umeme, na kibao kidogo cha saketi. Nilimwonyesha dogo: kila kitufe ni njia mbili zinazogusana, basi. Ukibonyeza A, njia fulani inagusana na njia nyingine, kile kibao kinaiambia kompyuta "A". Kompyuta haijui kama ni kidole kimebonyeza au ni waya umegusa.

Tulitoa zile plastiki, tukachomeka kibao tena, tukafungua ukurasa wa kuandikia. Dogo akashika kipande cha waya, akawa anagusisha njia ya kundi hili na njia ya kundi lile, mimi naandika herufi inayotokea kwenye skrini. Kibodi yetu ilikuwa na njia 26, yaani 8 kwa 18. Hauhitaji kuzijua zote. Kwenye MAME mchezaji wa kwanza anatumia mishale minne, Ctrl ya kushoto, Alt ya kushoto na kile kitufe kirefu cha nafasi. Namba 5 ni kutia sarafu, namba 1 ni kuanza. Vitufe tisa unacheza.

Kwa nyaya tulitumia kebo ya mtandao iliyotupwa na kafe, ndani yake kuna nyaya nane za rangi tofauti, hupotei. Nikampelekea fundi redio wa mtaani atulehemie kwenye kibao. Mwanzo risasi ilikataa kushika, kumbe zile sehemu za kugusia zimepakwa rangi nyeusi ya kaboni. Ikwangue taratibu kwanza, uikute shaba.

Vitufe vya kupigia risasi tulinunua vile vya kengele ya mlango dukani kwa vifaa vya umeme. Mpini nao tuliutengeneza hivi: chukua bolti ndefu, ubao wenye tundu pana, na kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Vuta mpira juu ya tundu, upigilie pembeni, pitisha bolti katikati na uikaze kwa nati juu na chini ya mpira. Ukiusukuma unakwenda, ukiuachia mpira unaurudisha katikati. Chini ya ubao panga swichi nne kuizunguka bolti, moja kila upande. Swichi tulizipata kwenye zile maus za kafe. Kila maus ina swichi ndogo angalau mbili, ndizo zinazolia "tik" ukibonyeza.

Tukawasha. Nikasukuma mpini juu, Pac-Man akashuka. Kulia, akaenda kushoto. Nikatumia jioni nzima nahangaika na programu, nafuta naweka upya, wala haisikii. Dogo akalala chini ya meza na tochi, akaniambia, "Anko, sukuma juu tena." Nikasukuma. Akasema, "Huku chini inakwenda nyuma." Mpini unazungukia kwenye mpira, kwa hiyo juu ukienda mbele, mkia wake chini unarudi nyuma. Swichi ya "juu" inatakiwa ikae upande wa chini! Tukabadilisha nyaya, ikatii. Mimi mwenye cheti nilikuwa naulaumu upande wa programu, mtoto kaona bolti.

Tatizo la pili ni hili, lizingatieni. Kibodi hazikutengenezwa kwa kubonyeza vitufe vingi kwa pamoja. Vitufe vitatu vikiwa vimegawana njia, kibao hakiwezi kujua kama cha nne nacho kimebonyezwa au la. Utaona mtu wako anaruka lakini hapigi, au herufi ya ajabu inajitokeza. Dawa yake: kabla ya kulehemu, gusisha juu, kulia na risasi kwa pamoja uone kama zote zinafika. Zikigoma, chagua herufi nyingine, kisha ndani ya MAME bonyeza Tab uingie sehemu ya vidhibiti, uiambie herufi mpya. Na kama unatumia Windows, Shift ikibonyezwa mara tano mfululizo inaleta dirisha katikati ya gemu. Zima hiyo huduma mapema au epuka Shift kabisa.

Onyo jamani: kama monita yako ni ile ya kizamani yenye mgongo, USIFUNGUE. Ndani kuna umeme wa maelfu ya volti na unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa. Vilevile lile boksi la umeme ndani ya kompyuta liache lilivyo. Utundu wote ufanyike kwenye kibodi.

Yule mwenye kafe alipokuja kuona, macho yakamtoka. Akasema tuiweke kafe, shilingi mia kila mchezo. Hapo nikamkatalia, ingawa roho iliniuma kwa sababu hela ipo. MAME yenyewe tangu 2016 ni programu huria. Lakini gemu nyingi zina wenyewe, miaka mingi iliyopita si ruhusa ya kuziuza. Zipo chache ambazo wenyewe wameruhusu zipakuliwe bure kwenye tovuti ya MAME, kama Gridlee na Robby Roto, ila nazo si za biashara. Nyumbani cheza, kibandani usitoze. Nikampa wazo jingine: zile tano zilizobaki asiziuze kwa kilo, awaachie vijana wa mtaa wazifungue Jumamosi. Alikuwa ameshauza tatu. Zimebaki mbili.

Kuhusu nauli, nisiwadanganye, dogo hajaacha gemu. Ila sasa watoto wenzake ndio wanaokuja kwetu, na juzi nilimkuta ana kibodi ya rafiki yake iliyomwagikiwa chai, ameshaifungua yote mezani. Nikamuuliza, huogopi kuharibu? Akanijibu bila hata kuniangalia, "Imeshaharibika, anko. Natafuta wapi."

Wadau, kama kafe unayokaa wana kibodi mbovu, iombe. Ukikwama kwenye nyaya, uliza hapo chini kwenye maoni, nitajibu ninavyoweza. Na wewe fundi uliyepata njia bora zaidi ya kutengeneza mpini, tumwagie. Tuko pamoja.