Hema Safi, Dozi Isiyojulikana: Bangi ya Nyumbani na Mgonjwa wa Kifafa

Mkata, wilayani Handeni, ni mji wa njiapanda. Hapo ndipo barabara ya kwenda Handeni mjini inapoachana na barabara kuu itokayo Chalinze kuelekea Segera. Mbele yake, Segera, magari hugawanyika tena: mengine hushuka Tanga, mengine hupanda Korogwe, Moshi na Arusha. Mji wa namna hii haukosi habari. Huletwa na abiria, hupokewa na wauza machungwa, na siku hizi hutangulia kufika kwa simu ya mkononi.

Miongoni mwa habari zinazosafiri hivyo ni ile ya bangi inayooteshwa ndani ya nyumba. Hema dogo la kitambaa kizito husimamishwa chumbani, likatiwa taa na feni, na miche ikapandwa katika udongo uliorutubishwa kwa samadi na mboji, bila mbolea ya viwandani wala viuatilifu. Wanaoisifu husema ni safi kwa sababu ni ya kilimo hai, kisha kutoka neno «safi» huruka moja kwa moja hadi neno «dawa». Mruko huo mfupi ndio unaoweza kumgharimu mgonjwa maisha.

Chukulia mfano wa mzazi mwenye mtoto wa miaka sita, uzito kilo 20, anayeugua kifafa. Mtoto anameza fenobabitoni. Dawa imepunguza degedege lakini haijaimaliza, na mwalimu analalamika kwamba mtoto anasinzia darasani. Mwezi uliopita dawa ilikosekana, na nauli ya kwenda kuitafuta mbali ilikuwa kubwa. Mzazi huyo anaposikia kwamba Ulaya na Marekani watoto wenye kifafa hutibiwa kwa bangi, hana sababu ya kuipuuza habari hiyo. Tena si ya uongo. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari.

Ukweli uliomo

Mmea wa bangi una kemikali nyingi, lakini mbili ndizo zinazotajwa zaidi katika tiba. Ya kwanza ni THC, inayolewesha. Ya pili ni CBD, isiyolewesha. Mwanakemia Raphael Mechoulam na wenzake, nchini Israeli, waliubainisha muundo wa CBD mwaka 1963, na mwaka 1964 wakaitenga THC. Miongo kadhaa baadaye wanasayansi waligundua kwamba ubongo wa binadamu una vipokezi ambavyo THC hushikamana navyo. Hapo ikaeleweka kwa nini mmea mmoja unagusa mambo mengi kwa pamoja: maumivu, hamu ya kula, kumbukumbu, usingizi na hofu.

Juni 2018, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya maji iitwayo Epidiolex, ambayo ni CBD iliyosafishwa, kwa ajili ya aina mbili adimu na kali za kifafa cha utotoni: ugonjwa wa Dravet na ugonjwa wa Lennox-Gastaut. Desemba 2020, nchi wanachama wa Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya zilipiga kura 27 dhidi ya 25 na kuiondoa bangi katika kundi la dawa zinazodhibitiwa kwa ukali wa juu kabisa, ingawa iliendelea kubaki chini ya udhibiti wa kimataifa.

Hayo yote ni kweli. Lakini mambo mawili hupotea njiani kabla habari haijafika kijijini. La kwanza, watoto walioshiriki katika majaribio ya dawa hiyo hawakuacha dawa zao za kawaida. CBD iliongezwa juu yake. La pili, kilichokuwa ndani ya chupa si jani. Ni kemikali moja, iliyopimwa, ambayo kiasi chake katika kila mililita kinajulikana.

Hesabu ambayo hema haiwezi kuifanya

Dozi ya kuanzia ya CBD iliyosafishwa ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikigawanywa mara mbili. Mtoto wetu wa kilo 20 angehitaji miligramu 100 kwa siku.

Sasa itazamwe bangi yenyewe. Vipimo vya sampuli zilizokamatwa Marekani vilionyesha kwamba wastani wa THC ulipanda kutoka takriban asilimia 4 mwaka 1995 hadi takriban asilimia 12 mwaka 2014. Katika kipindi hichohicho CBD ilishuka hadi takriban asilimia 0.15. Sababu yake si fumbo: wakulima walichagua mbegu zinazolewesha, wakaitunza mimea ya kike isiyochavushwa, na wengi wakahamia ndani ya nyumba ambako mwanga na joto huamuliwa na mkulima.

Kwa bangi ya namna hiyo, gramu moja ina CBD ya miligramu 1.5 tu. Ili kuzifikia zile miligramu 100, mtoto angehitaji gramu 67 hivi kila siku. Gramu hizo zingekuja na THC ya takriban miligramu 8,000. Kwa kulinganisha, mtu mzima mwenye UKIMWI aliyepoteza hamu ya kula, anapoandikiwa dronabinoli, ambayo ni THC iliyotengenezwa maabara, huanza na miligramu 2.5 kwa mara moja. Kiasi cha mtoto kingeizidi dozi hiyo zaidi ya mara 3,000.

Bila shaka hakuna mzazi atakayempa mtoto gramu 67. Atampa kijiko cha majani yaliyochemshwa, au tone la mafuta yaliyokamuliwa nyumbani. Kwa hiyo mtoto atapata CBD isiyotosha kutibu na THC ya kutosha kumlewesha. Atalala, na usingizi huo utadhaniwa ni nafuu. Ikiwa mzazi ataamini kwamba dawa mpya imefanya kazi na kuiachisha fenobabitoni ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na lisikome. Hali hiyo huua, na anayenusurika huweza kubaki na ulemavu wa ubongo.

Zipo mbegu zenye CBD nyingi na THC kidogo. Hata hivyo, jani haliandikwi kiasi kilichomo ndani yake. Mche mmoja hutofautiana na mwenzake, na ua la juu hutofautiana na la chini. Ni maabara pekee inayoweza kujua.

Kilimo hai si kinga

Kutotumia viuatilifu ni jambo jema kwa chakula chochote. Lakini mmea wa bangi una tabia ya kufyonza metali nzito, kama kadimiamu na risasi, kutoka udongoni na kuzihifadhi katika majani na maua. Udongo wenye risasi hautakasiki kwa kutiwa samadi.

Hatari nyingine ni ukungu. Hema hufungwa, mimea hutoa unyevu, na hewa yenye joto na unyevu ndiyo shamba la fangasi. Mmojawapo ni aspajilasi, ambaye vijimbegu vyake vinaweza kuingia mapafuni pamoja na moshi, kwa kuwa moto wa sigara hauviui vyote. Mwenye kinga imara huenda asidhurike. Mgonjwa wa saratani anayepata tibakemikali, au mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, anaweza kupata maambukizi mazito ya mapafu. Hao ndio haohao wanaoshawishiwa zaidi kwamba bangi safi itawasaidia.

Kuna pia taa zenye joto kali na nyaya zilizounganishwa kienyeji katika chumba cha kulala, na watoto wadogo wanaookota na kula kilicho karibu. Wenye nyumba wanapaswa kuyafikiria hayo kabla ya kulifikiria lile neno «safi».

THC ina madhara yake yenyewe. Takriban mtumiaji mmoja kati ya kumi huingia katika uraibu, na uwezekano huongezeka kwa anayeanza akiwa kijana. Matumizi ya kila siku ya bangi kali huongeza hatari ya ugonjwa wa akili unaoambatana na kusikia sauti na kushuku watu, hasa kwa mwenye historia ya ugonjwa huo katika ukoo. Mama mjamzito na anayenyonyesha hawapaswi kuitumia kabisa.

Sheria

Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliruhusu Septemba 2018 mtu mzima kulima na kutumia bangi faraghani. Kanada iliruhusu mwezi uliofuata, na Ujerumani mwaka 2024. Rwanda iliidhinisha mwaka 2020 kilimo chenye leseni kwa ajili ya soko la dawa la nje, huku matumizi ya starehe yakibaki marufuku. Tanzania haijafanya hivyo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki na kutumia bangi, na adhabu yake ni nzito. Sheria haitofautishi shamba la porini na hema la chumbani.

Kilichopo leo

Mgonjwa hapaswi kuachwa na katazo pekee. Mkoa wa Tanga una huduma ambazo watu wengi hawazijui. Kwa maumivu makali ya saratani, tiba shufaa hutumia mofini ya maji ya kunywa, ambayo kiasi chake hupimwa na kupandishwa hatua kwa hatua. Muheza, jirani na Korogwe, pana huduma ya tiba shufaa katika Hospitali Teule. Kwa kifafa, fenobabitoni, kabamazepini na valproeti ni dawa za siku nyingi na za bei nafuu, na wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa wakizimeza bila kukatiza. Mtoto anayesinzia darasani huenda anahitaji dozi kurekebishwa au dawa kubadilishwa taratibu, si kuachishwa.

Kwa wahudumu wa afya

Muulize kila mgonjwa wa kifafa, saratani au maumivu sugu, kwa sauti ileile unayoulizia dawa za miti shamba: «Kuna kitu kingine unachotumia nyumbani?» Anayekaripiwa leo hatasema kesho. Siri ya mgonjwa ilindwe. Kumbuka kwamba CBD pamoja na valproeti huweza kuathiri ini, kwamba inaweza kuongeza nguvu ya wafarini, na kwamba THC pamoja na fenobabitoni huzidisha usingizi. Dawa inapokosekana zahanatini, mwambie mgonjwa mapema mahali pengine pa kuipata.

Kwa wagonjwa na familia

Usiache dawa ya kifafa bila ushauri, hata kwa siku moja. Rudi kuichukua ikiwa imebaki ya wiki mbili, usingoje ikwishe. Degedege likianza, mlaze mgonjwa kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, na usimtie kitu chochote mdomoni. Likizidi dakika tano, au likijirudia kabla hajapata fahamu, mkimbizeni kituo cha afya. Na ikiwa umewahi kumpa mtoto bangi kwa nia njema, mwambie mhudumu umempa nini, kiasi gani na lini. Maelezo hayo yatamsaidia daktari kuamua atakachompa mtoto.