Kabla ya Kumfukuza Kocha

Timu ikipoteza mechi tatu mfululizo, Butembo na Beni hukubaliana upesi: kocha aondoke. Komite hukutana usiku, barua hutoka, na wiki inayofuata mtu mwingine anasimama kando ya uwanja na filimbi shingoni. Mara nyingi timu hushinda mechi ya kwanza chini yake, na watu husema dawa imekubali. Baada ya mwezi imerudi palepale.

Ushindi huo wa mwanzo una maelezo yake. Kocha hufukuzwa wakati timu iko chini kabisa ya uwezo wake, na timu ya namna hiyo hupanda kidogo hata ikiachwa jinsi ilivyo. Mchumi Mholanzi Bas ter Weel alilinganisha klabu za ligi kuu ya Uholanzi zilizofukuza makocha wakati wa matokeo mabaya na zile zilizopitia hali hiyohiyo zikabaki na makocha wao. Nafuu ilikaribiana pande zote mbili. Na huko kocha mpya hukuta nyasi, daktari na mishahara iliyokwisha kulipwa.

AS Nyuki ya Butembo na AC Capaco ya Beni zote zimewahi kufika Linafoot, ligi kuu ya Congo. Ni ngazi ndefu: kutoka entente, yaani ligi ya mji, kupitia Lifnoki, ligi ya jimbo la Kivu Kaskazini, mpaka huko juu. Kupanda kwao kunatosha kumjibu anayedai kwamba Grand Nord, huku kaskazini mwa jimbo, haina vipaji. Hata hivyo, hakuna klabu ya miji hii miwili iliyowahi kuwa bingwa wa taifa. Kwa maoni yangu kinachozizuia klabu hizi hakianzii ndani ya dakika 90. Kinaanzia katika siku sita zinazotangulia, na huko ndiko komite inakopaswa kuchunguza kabla ya kumgusa kocha.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji kompyuta. Mpe kijana mmoja mwaminifu daftari, aandike kwa kila bao lililofungwa dhidi ya timu yake: dakika gani, lilianzia wapi, nani alikuwa uwanjani. Baada ya mechi kumi daftari litaanza kusema. Kama mabao mengi yanaingia baada ya dakika ya 70, hapo kuna miguu iliyochoka au benchi lisilo na watu. Tofauti ya hayo mawili huonekana kwa wanaoingia: wakiingia wachezaji wapya na hali ikatulia, shida ilikuwa uchovu; wakiingia na hali ikazidi kuharibika, kikosi ni cha watu kumi na moja tu, wengine wamejaza orodha. Kama mabao yanatokana na kona na mipira iliyotengwa, usimlaumu beki peke yake. Kukaba kona ni kazi ya kurudiarudia pamoja, na timu isiyopata siku tatu nne za mazoezi ya pamoja kwa wiki haiwezi kuijua hata ikiwa na mabeki warefu.

Kuna hesabu nyingine ninayoithamini kuliko zote: ni wachezaji wangapi walioanza mechi iliyopita ambao wameanza na ya leo? Timu inayobadilisha watano au sita kila mara haijengi uelewano. Kiungo hajui beki wake atampa mpira mguu gani. Ukiuliza kwa nini wamebadilishwa, majibu huwa mbali na mbinu za mchezo: huyu amekwenda kutafuta pesa Kasindi, mpakani na Uganda, yule hakupata nafasi kwenye gari, mwingine nyumba yao imehama kwa sababu ya vita.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Kutoka Butembo hadi Beni ni kama kilomita 54, na hiyo ndiyo safari nyepesi. Ligi ya taifa inaweza kukupeleka Kindu, Lubumbashi au Kinshasa, na huko timu haifiki kwa barabara. Zamani Goma ilikuwa mlango: unashuka Lubero, Kanyabayonga, Rutshuru, kisha unapanda ndege. Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Juni 2024, Goma ikafuata mwishoni mwa Januari 2025, na mlango huo ukafungwa. Inabaki ndege ya Mavivi, Beni, au kuzunguka kwa Kasindi na kuvuka Uganda. Kila njia inakula siku na dola. Mchezaji aliyelala garini, akala ovyo, akakaa siku mbili bila kukimbia, huanza kupoteza kasi katika nusu saa ya mwisho. Lile daftari litamwandika, lakini halitaandika safari yake. Lazima mtu aongeze safu hiyo kwa mkono: timu ilisafiri saa ngapi, ililala wapi, ilifanya mazoezi mara ngapi.

Na kuna yale ambayo hakuna safu ya daftari inayoweza kuyabeba. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yalianza Oktoba 2014 na hayajakoma. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola iliwaua watu zaidi ya 2,200, na Beni na Butembo, pamoja na mtaa wa Katwa, zilikuwa kitovu. Mei 2021 serikali ikatangaza hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, katika Kivu Kaskazini na Ituri. Kijana anayecheza namba sita leo amekulia humo. Anapokosa usingizi kabla ya mechi, mimi siwezi kumwita mvivu, na kocha anayemwita hivyo mbele ya wenzake hafai kulea vijana hapa.

Nyumbani ndipo klabu za huku zingepata nguvu ya pekee. Butembo iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, wakati Kinshasa iko karibu na mita 300. Kwa mgeni anayefika siku moja kabla, pumzi hupungua na mpira uliopigwa juu huruka mbali kidogo kuliko alivyozoea. Ongeza watu waliojaa uwanja wa Matokeo au, kule Beni, uwanja wa Kalinda. Mwaka 2020, ligi ya Ujerumani iliporudi kuchezwa viwanjani bila watazamaji, ushindi wa wenyeji ulipungua, na waamuzi wakapunguza ule upendeleo wa kuwapa wageni kadi nyingi zaidi. Kwa hiyo kila mechi ya nyumbani inayohamishiwa mji mwingine, kwa sababu ya usalama au kwa sababu uwanja haujaidhinishwa, huinyang'anya timu pointi kabla haijavaa jezi. Ningekuwa na bajeti ndogo, ningeiweka kwenye kuidhinishwa kwa uwanja kabla ya kununua mshambuliaji kutoka nje.

Vita pekee havitoshi kueleza kila kitu. Shakhtar Donetsk ya Ukraine ilikimbia mji wake mwaka 2014, ikacheza mechi za nyumbani Lviv, kisha Kharkiv, kisha Kyiv, na bado ikawa bingwa mara nne mfululizo, 2017 hadi 2020. Ilikuwa na tajiri nyuma yake, ni kweli. Lakini angalia walichokilinda kwanza: mahali pamoja pa kufanyia mazoezi, Kyiv, hata mechi zilipohama. Na karibu nasi, Maniema Union ya Kindu, mji usio na barabara nzuri kutushinda, ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024-2025. Umbali unashindika, mradi uwe umepangiwa fedha na siku tangu mwanzo wa msimu.

Fedha ndiyo sura ngumu zaidi. TP Mazembe ya Lubumbashi ina mataji matano ya klabu bingwa Afrika, na matatu kati yake, 2009, 2010 na 2015, yalipatikana chini ya rais wake tajiri, Moïse Katumbi. Kuanzia hapo kila mji unaota kupata Katumbi wake. Butembo haina upungufu wa wafanyabiashara; makontena kutoka China na Dubai yanathibitisha. Tatizo ni namna ya kutoa. Mchango huja kwa moyo siku ya ushindi, kama bonasi mkononi, na hukauka timu ikifungwa, yaani wakati hasa mchezaji anahitaji kodi ya nyumba. Mfanyabiashara anayeahidi dola mia kila mwezi kwa miezi kumi ana faida kubwa kwa klabu kuliko anayetoa elfu mbili usiku mmoja wa furaha, kwa kuwa kocha anaweza kupanga kikosi juu ya ile mia.

Upo pia mlango ambao wengi huupita bila kuugusa. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya bei ya mchezaji anayeuzwa kati ya nchi na nchi igawiwe kwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja. Kila msimu wa 16 hadi 23 una nusu. Chukua kijana aliyelelewa Beni tangu msimu wa miaka 14 hadi 18: misimu miwili ya mwanzo inaleta nusu ya asilimia, mitatu inayofuata asilimia moja na nusu, jumla 2. Akiuzwa dola 500,000, iwe ni mara yake ya kwanza au ya tatu, klabu ya Beni inadai dola 10,000. Tangu mwishoni mwa 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyopo Paris, ambayo hulipa kwa kufuata pasipoti ya mchezaji, yaani rekodi ya usajili wake: aliandikishwa wapi, tarehe ngapi, kwa jina lipi.

Kijana ambaye leseni yake ya utotoni haikuandikishwa, au iliandikishwa kwa umri wa kubuni, huenda asiiletee klabu yake hata senti. Komite inayotaka kujua kinachoizuia timu yake ifungue kabati la leseni za vijana kwanza, ihesabu ngapi zina tarehe ya kweli ya kuzaliwa, kisha ndipo imwite kocha.