Kadi ya kliniki isitupwe

Kwa mtu wa Murongo, wilayani Kyerwa, Uganda ni ng'ambo ya Mto Kagera tu. Akishavuka na kutokea Kikagati, Mbarara na hata Kampala ziko karibu naye kuliko Dar es Salaam. Na ni Kampala ambako mwaka 2004, katika hospitali ya Dk. Edward Tamale Sali pale Bukoto, alizaliwa mtoto wa kwanza nchini Uganda aliyetungwa kwa upandikizaji mimba, yaani yai kurutubishwa maabara. Nairobi ilifuata mwaka 2006. Waliozaliwa miaka ile sasa ni vijana wakubwa, wengine wanakaribia kuwa wazazi.

Kwa hiyo suala la kushika mimba limeshapita. Linalobaki ni afya ya hawa waliozaliwa, hasa moyo wao.

Madaktari wa Bern, Uswisi, ndio waliotia watu wasiwasi. Mwaka 2012 walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 65 wa upandikizaji, wazima kabisa, wakaona kwamba mishipa ya damu ya mkononi haitanuki vizuri kama ya wenzao. Wakawatazama pia ndugu zao waliotungwa kwa njia ya kawaida, baba na mama wale wale, na mishipa ya hao haikuwa na kasoro. Hapo shaka ikahama kutoka kwenye damu ya wazazi ikaenda maabara, kwenye zile siku chache ambazo kiinitete hukaa nje ya mwili wa mama. Watoto wale walipofikisha umri wa miaka 16 au 17 hivi, wakafungwa kipimo cha presha mkononi kwa saa 24. Kati ya 52 waliopimwa hivyo, 8 walikuwa na presha ya juu. Kwa wenzao 43 alikuwa mmoja tu.

Idadi hiyo ni ndogo, na mzazi asilale macho kwa sababu yake. Mwaka 2023 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walikusanya takwimu za watoto na vijana karibu 36,000 kutoka Ulaya, Australia na Singapore, 654 kati yao wakiwa wa upandikizaji. Katika presha, mapigo ya moyo na sukari hawakukuta tofauti ya maana. Huo ndio utafiti ninaouegemea zaidi, kwa ukubwa wake.

Kasoro za moyo za kuzaliwa nazo ni jambo jingine. Rekodi za watoto zaidi ya milioni 7.7 wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilizochapishwa mwaka 2024, zilionyesha kasoro kubwa za moyo kwa watoto 1.84 katika kila 100 wa upandikizaji, na 1.15 katika kila 100 wa kawaida. Wengi mno, basi, huzaliwa na moyo mzima. Waliozaliwa pacha au watatu ndio waliokuwa hatarini zaidi, na hapo mzazi ana la kufanya mapema. Pacha wengi wa upandikizaji hutokana na kuweka viinitete viwili au vitatu kwa mara moja, ili safari na fedha zisipotee bure. Aliyeuza kahawa na ng'ombe kulipia matibabu atakubali kila kinachoongeza matumaini. Lakini pacha huwahi kuzaliwa, huzaliwa na uzito mdogo, na uzito mdogo una historia ndefu na moyo. Amwulize daktari waziwazi: je, kimoja hakitoshi?

Historia hiyo tunaijua kwa sababu ya madaftari. Kuanzia mwaka 1911, katika jimbo la Hertfordshire, Uingereza, wakunga waliandika uzito wa kila mtoto aliyezaliwa. Miongo mingi baadaye mtafiti David Barker aliyapata madaftari yale, akafuatilia wanaume 5,654 waliokuwa wameandikwa humo, na mwaka 1989 akaonyesha kwamba waliozaliwa wepesi ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Kama wakunga wale wasingeandika, asingekuwa na pa kuanzia.

Huku kwetu, mimba iliyopatikana kwa shida hufichwa. Nawaelewa wanaoficha. Mwanamke aliyekaa miaka bila mtoto amesemwa vya kutosha, mume ameshauriwa na ndugu aongeze mke, wazee wameuliza kibanja kitarithiwa na nani. Mtoto akija, nani atake kueleza alivyopatikana? Majirani hawadaiwi maelezo hayo. Daktari anayadai, na kijana mwenyewe akikua anayadai zaidi ya daktari. Njia aliyotungwa, wiki alizozaliwa nazo, uzito wake, kama walikuwa wawili: haya yahifadhiwe pamoja na kadi ya kliniki, na kadi isitupwe chanjo zikiisha.

Nisisitize pia kwamba moyo wa kijana wa huku kwetu una adui wa zamani kuliko maabara yoyote. Mtoto aliyetungwa vyovyote vile anaweza kupata maumivu ya koo yanayotokana na bakteria, yasipotibiwa yakaleta homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu za moyo. Dawa ya koo hilo ni penisilini, na ni ya kawaida kabisa. Mzazi aliyehangaika miaka kupata mtoto asimwache na koo linalouma kwa sababu tu ni la msimu.

Kupima presha ya mtoto hakuhitaji safari ya Kampala. Kinachohitajika ni mkanda unaoenea mkono wake. Mkanda wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba huonyesha presha ndogo kuliko iliyopo, na mtoto akarudishwa nyumbani akiambiwa yuko salama. Mzazi anayempeleka mwanawe hospitali ya Nyakahanga au Isingiro aombe mkanda wa mtoto, na kipimo kirudiwe siku nyingine kabla hajaambiwa chochote. Kikiendelea kuwa juu, aombe rufaa kwenda hospitali ya Bukoba au Bugando, na ikibidi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akiwa na kadi ile mkononi.